Mtakatifu Matia Mulumba, Mume wa Mke Mmoja



Mkisimama jioni kando ya barabara pale Malaba mtaona malori yamepanga foleni kuelekea Uganda. Madereva wametoka Mombasa siku kadhaa zilizopita, na mbele yao kuna Kampala, Kigali au Juba. Wengi wao wana wake waliobaki nyumbani. Kule Busia akina mama wanavuka mpaka asubuhi na mapema na mizigo ya vitenge, samaki na nafaka, na biashara ikichelewa hulala ng'ambo. Wengi wao wana waume. Mpakani kuna maofisa wa kukagua mizigo na karatasi za kusafiria. Lakini ofisi ya kukagua moyo wa mtu aliye mbali na nyumba yake haipo.

Ndiyo sababu leo nataka tumtazame mtu mmoja mwenye ndoa ambaye alikuwa mwaminifu hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kumwangalia.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, tunawaona mahujaji wakivuka hapa kwetu kwa miguu kwenda Namugongo. Wengi wetu tukiwataja Mashahidi wa Uganda tunawafikiria vijana waliotumika katika jumba la mfalme. Lakini kati ya wale mashahidi 22 wa Kanisa Katoliki alikuwako mzee wa miaka kama 50, mtu mwenye cheo, mwenye mke na watoto. Huyo ni Matia Kalemba Mulumba, ambaye Wakristo wa Uganda wanamheshimu kama msimamizi wa machifu na wa familia.

Mtoto wa jirani zetu

Matia hakuzaliwa Muganda. Alizaliwa Bunya, katika nchi ya Busoga. Ukipanda basi Busia kwenda Jinja, utapita Bugiri na Iganga, na nchi ya Bunya iko upande wako wa kushoto, kuelekea ziwani. Kwa hiyo sisi wa Busia na Malaba tunaweza kumwita jirani.

Alipokuwa mtoto, wapiganaji wa Buganda walimteka pamoja na mama yake, wakachukuliwa mbali na kwao. Alifika katika nyumba ya mtu aliyeitwa Magatto, wa ukoo wa Musu. Huyo hakumtendea kama mtumwa. Alimlea kama mtoto wake wa kumzaa, akamwingiza katika ukoo. Inasimuliwa kwamba Magatto, kabla hajafa, aliwaambia watoto wake kwamba dini ya kweli ilikuwa haijafika Buganda, na kwamba siku moja watakuja watu wa kuifundisha. Neno hilo la mzee Matia alilishika moyoni.

Alipokua alipata cheo katika utawala wa jimbo la Ssingo, chini ya chifu mkuu wa huko. Mulumba lilikuwa jina la cheo hicho. Alikuwa na mali, watumishi, na wake kadhaa, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa nchi. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa akatulia. Lakini yeye alikuwa anatafuta. Kwanza alifuata dini ya Kiislamu. Kisha, baada ya mwaka 1877, akaenda kuwasikiliza walimu wa Kiprotestanti. Mapadre Wakatoliki walipofika mwaka 1879 akaenda kuwasikiliza wao pia, na tarehe 31 Mei 1880 aliandikishwa kuwa mkatekumeni.

Siku ya kuchagua

Hapa ndipo maisha yake yanapotugusa sisi wanandoa. Ukatekumeni ulimdai abaki na mke mmoja tu. Matia alikubali, akabaki na mkewe Kikuvwa.

Ndugu yangu, usilipite jambo hili haraka. Siku zile wake wengi walikuwa heshima ya mtu. Ndio waliolima, waliopika na waliokaribisha wageni wa chifu. Mkubwa mwenye mke mmoja alionekana maskini, au mtu aliyerukwa na akili. Matia alikuwa mtu mzima aliyezoea maisha yake, na aliyabadilisha mbele ya macho ya watu waliomjua. Alingoja na kufundishwa kwa muda wa miaka miwili, na Jumapili ya Pentekoste, tarehe 28 Mei 1882, akabatizwa.

Najua baadhi yenu mnaosoma mna nyumba mbili, moja upande huu na nyingine ng'ambo, na mnauliza moyoni mwenu: basi nimfukuze huyu mama na watoto wake leo usiku? Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba mtu anayeacha mitara ili afuate Injili bado ana wajibu wa haki kwa wale wanawake aliokuwa nao na kwa watoto wake. Uaminifu kwa mmoja hauwezi kujengwa juu ya njaa ya mwingine. Nenda kwa padre wako, mweleze yote, na mtengeneze njia pamoja. Lakini nenda. Usingoje uzee ukutengenezee.

Miaka isiyo na padre

Mwezi wa Novemba 1882, miezi sita tu baada ya Matia kubatizwa, mapadre waliondoka Buganda wakaenda kusini mwa ziwa. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Ni karibu miaka mitatu bila Misa, bila kitubio, bila mtu wa kumuuliza Matia habari za nyumba yake. Kama angetaka kurudi katika desturi za zamani, nafasi ilikuwa wazi, na hakuna padre ambaye angemwona.

Hakurudi. Kule Mityana, yeye pamoja na Noa Mawaggali mfinyanzi na Luka Banabakintu waliwakusanya watu, wakasali nao na kuwafundisha. Jumuiya ikakua mikononi mwa walei, watu wenye kazi zao na familia zao. Mapadre waliporudi, Wakristo wa Mityana walitembea mpaka misheni iliyokuwa karibu na mji mkuu, safari ya kilomita kama 70, ili wapate Misa, kisha wakarudi kuwasimulia wenzao mafundisho waliyosikia. Mimi ni katekista, na ninapofikiria hayo naona aibu kwa siku zile ninazolalamika kwamba kigango ni mbali.

Alipata wapi nguvu? Mimi naamini ni kwa sababu Mungu alikuwa amekuwa rafiki yake. Sheria peke yake huchunga mtu anapoonekana. Rafiki unamkumbuka hata akiwa hayupo machoni pako, na hutaki kumhuzunisha. Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule wa karamu ya mwisho, aliwaita wanafunzi wake rafiki na si watumwa. Ndoa nayo iko hivyo. Mume anayejizuia kwa kuogopa kukamatwa tu, siku atakayojua hatakamatwa ataanguka.

Jambo langu mwenyewe

Haya siandiki kwa kusikia tu. Mke wangu ameniruhusu niyaseme.

Kabla sijawa katekista nilikuwa mfanyabiashara mdogo wa nafaka kati ya Busia na upande wa Uganda. Nilipanga chumba ng'ambo, nikimwambia mke wangu ni cha kuhifadhi magunia. Mwanzo ilikuwa kweli. Baadaye kikawa na sufuria, na kanga ambayo haikuwa ya mke wangu. Nilikuwa nasali Jumapili nyumbani na kupokea sifa za watu kwamba mimi ni baba mwema.

Siku moja, tarehe 3 Juni, padre alisimulia habari za Matia. Aliposema kwamba mtu huyu alikaa karibu miaka mitatu bila padre na hakugeuka, niliinamisha kichwa. Mimi padre nilikuwa naye kila juma, na nilikuwa nimegeuka. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kuungama na kukirudisha chumba kile. Ilinichukua miezi kumwambia mke wangu. Hakunipigia kelele. Alinyamaza. Chakula aliweka mezani, lakini mazungumzo yalikwisha, na kimya kile kilidumu msimu mzima wa mvua. Mpaka leo nikichelewa kurudi naona macho yake yanauliza. Amenisamehe, lakini msamaha haukurudisha kila kitu siku moja. Nayasema ili wewe uliye mlangoni mwa chumba kama kile urudi kabla hujaingia.

Mbele ya Katikiro

Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na Mwanga akatawala. Mateso ya Wakristo yakaanza, na mwezi wa Mei 1886 Matia na Luka walikamatwa. Aliyewahukumu alikuwa Katikiro, mkubwa wa serikali ya Kabaka.

Katikiro alipomwona Matia hakuanza na mambo ya imani. Alianza na ndoa yake. Alimdhihaki kwamba mtu mzima kama yeye amewaacha wake zake, na sasa bila shaka anajipikia chakula mwenyewe. Matia alimjibu kwa kumwuliza kama ameletwa pale kwa sababu ya wembamba wake au kwa sababu ya dini yake. Ona, wanandoa wapendwa: dhihaka ya kwanza aliyopata shahidi huyu ilihusu kuwa na mke mmoja. Nawe dereva unayechekwa na utingo wako kwa sababu unalala ndani ya lori peke yako, nawe mama unayeitwa mshamba na wenzako sokoni kwa sababu unarudi kwa mumeo kabla ya giza, mna mwenzenu mbinguni.

Alihukumiwa kufa. Alhamisi tarehe 27 Mei, wakiwa njiani kupelekwa Namugongo, walifika mahali panapoitwa leo Old Kampala. Matia alitaka auawe palepale. Aliagana na rafiki yake Luka, akitumaini kuonana naye kwa Mungu. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamtesa kwa moto, kisha wakazuia damu isimtoke haraka ili afe polepole. Halafu wakamwacha, wakaenda zao.

Alilala hapo peke yake. Watu waliokuja kukata matete walisikia sauti yake akiomba maji. Walipoona hali aliyokuwa nayo walikimbia kwa hofu. Inaaminika kwamba alikata roho Jumapili, tarehe 30 Mei, miaka minne na siku mbili baada ya ubatizo wake. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake.

Siku zile tatu hapakuwa na padre, wala mke, wala rafiki wa kumshika kichwa. Lakini Rafiki aliyemzoea katika miaka ile ya Mityana hakuwa mgeni kwake saa ile. Urafiki na Mungu hauanzi siku ya taabu. Huanza katika siku za kawaida, kama ndoa inavyojengwa katika siku za kawaida.

Mfanye nini nyumbani?

Kwanza, salini pamoja. Kama mmoja yuko safarini, chagueni saa moja ya usiku mtakayopigiana simu na kusali Baba Yetu mmoja. Anayesubiriwa na mwenzake kwa sala hupata shida kuingia pasipomfaa.

Pili, msifichane mahali mnapolala wala pesa mnazopata. Uongo wa mahali na uongo wa pesa ni ndugu wawili, na mara nyingi hutangulia uongo wa mwili.

Tatu, tafuteni wanandoa wengine katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo mtakaoweza kuwaeleza ukweli. Matia alikuwa na Noa na Luka. Hata mtakatifu hakutembea peke yake.

Maswali ya kuzungumza wawili

1. Tangu tufunge ndoa, ni wakati gani ulikuwa mgumu zaidi kwako kuwa mwaminifu, nami nilikuwa wapi?

2. Je, Mungu ni rafiki katika nyumba yetu, au ni mgeni wa Jumapili?

3. Kuna jambo gani ambalo umekuwa ukiogopa kuniambia?

Swali la tatu msilijibu kwa hasira wala kwa haraka. Zimeni redio, wakisha kulala watoto, na aliyeulizwa apewe nafasi ya kumaliza kusema.

Tuombe: Ee Mungu, ulimpa Matia Mulumba moyo wa kukupenda hata alipokuwa peke yake. Utujalie sisi tulioahidiana mbele ya altare kubaki waaminifu, tukiwa nyumbani na tukiwa ng'ambo ya mpaka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.