Tom Mbotela: Msee Nyuma ya Jina la Mtaa, Aliyeamini Mambo ni Polepole

Mbotela unaijua. Iko hapo Jogoo Road, jirani na Makongeni, keja za kanjo zimepangana mistari. Lakini uliza mayut wa Eastlands huyo Mbotela alikuwa nani, wengi watakutajia Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa Je, Huu ni Ungwana? Ni ukoo mmoja, lakini si yeye. Mtaa umebeba jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, miaka 11 kabla Kenya ipate uhuru.

Stori yake si ya shujaa wa kupigiwa makofi na kila mtu. Ni ya msee aliyejua kungoja, halafu akajipata kwa jiji ambalo halikutaka kungoja tena.

Ukoo uliotoka kwa pingu

Familia ya Mbotela ni ya Freretown, Mombasa. Hapo ndipo wamishenari wa CMS walianzisha makazi mwaka wa 1875, ya watu waliookolewa kutoka kwa biashara ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyofanya pale paitwe Kengeleni mpaka leo. Mwaka wa 1934, James Juma Mbotela, mwalimu wa ukoo huo, alitoa kitabu kinachoitwa Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia vile wazee wao walinyakuliwa bara, wakauzwa, kisha wakakombolewa baharini na Waingereza.

Hiyo historia iweke kwa akili, juu bila hiyo huwezi kumwelewa Tom. Kama ukoo wako ulitolewa pingu na meli ya Mwingereza, halafu misheni ikawapa shule, ni rahisi kuamini kwamba masomo, sheria na barua vitafungua kila mlango, hata kama mlango unafunguka polepole.

Siasa za kalamu

Chama cha KAU kilianzishwa mwaka wa 1944, na Jomo Kenyatta akawa rais wake 1947. Tom alipanda mpaka akawa makamu wa rais wa chama. Pia alikuwa diwani kwa kanjo ya Nairobi. Silaha zake zilikuwa kikao, kamati na barua kwa magazeti. Alitaka Mwafrika apate haki yake, hiyo hakuna ubishi. Kwake, haki ilikuwa ijengwe hatua kwa hatua, bila damu.

Shida ni kwamba mtaa ulikuwa umechemka. Nairobi ilitangazwa kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950, lakini Mwafrika alikuwa bado anaishi na mshahara mdogo na chumba kimoja kilichojaa watu. Kulikuwa na wasee waliorudi kutoka vita vya dunia, wengine wamepigana hadi Burma, wakapata nyumbani bado wanaitwa boi. Wengine walikuwa wametoka mashambani, ardhi ya wazazi wao imechukuliwa na masetla. Watu kama hao ukiwaambia wangoje kidogo, wanasikia ni kama unawatusi.

Mei 1950, viongozi wa wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh walishikwa, na Nairobi ikaingia mgomo mkubwa. Viongozi wa wastani kama Tom hawakuusapoti. Mwaka uliofuata, Juni 1951, tawi la KAU la Nairobi lilichukuliwa na mbogi ya watu wenye haraka: Kubai mwenyekiti, Bildad Kaggia katibu. Ngoma ikabadilika, na Tom hakuwa mpigaji tena.

Pale uwezo wake ulipofika

Hapa ndipo stori inauma. Kiapo kilikuwa kinaenea hasa kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Tom alikuwa mtu wa Freretown. Ukoo wake haukupoteza shamba Kiambu wala Murang'a. Alikuwa na cheo, lakini hakuwa na jeshi la watu wa kwao nyuma yake, na kidonda cha ardhi alikijua kwa kusikia. Angeweza kuongea mpaka kesho, lakini kuna watu ambao sauti yake haingewafikia.

Angenyamaza, labda angepita. Hakunyamaza. Aliipinga Mau Mau waziwazi. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari, Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Mwezi uliofuata Tom aliuawa usiku, karibu na soko la Burma, na Mau Mau wakalaumiwa. Mwaka wa 1953 diwani mwingine, Ambrose Ofafa, akauawa pia. Ndio wakoloni wakaweka majina yao kwa mitaa mipya: Mbotela, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho.

Baada ya uhuru Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, na Doonholm Road ikawa Jogoo Road. Mbotela ikabaki Mbotela. Wengine humwita msaliti, wengine humwita mtu wa amani aliyekufa kwa msimamo wake. Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuzeeka ajielezee.

Tunajifunza nini?

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana: subira yavuta heri, na ngojangoja yaumiza matumbo. Zote ni za kweli. Kazi ya kukua ni kujua ni gani ya leo.

Na cheki, hata wenye haraka walilazimika kungoja. Kubai na Kaggia walihukumiwa miaka 7 jela Aprili 1953. Uhuru ulikuja 1963, na mwaka uliofuata tu Kaggia akatoka serikalini juu ya kutetea maskini wa ardhi. Hakuna aliyepata kila kitu kwa saa aliyotaka.

Subira ya kujinyima mwenyewe ukijenga kitu ni yako, hakuna mtu anaweza kukunyang'anya. Kumwambia mtu mwenye njaa asubiri ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo Tom alipogonga ukuta. Kama unakimbizana na kuomoka kabla ufike miaka 25, hiyo tofauti itakusaidia. Jipe muda bila kujidharau. Lakini usipime kidonda cha mwenzako kwa saa yako.

Siku nyingine kondakta wa mathree akiita Mbotela, jua anaita jina la mtu.