Mgr de Hemptinne na masomo ya Katanga: nani analipa mwalimu?

Zamani kulikuwa habari moja ya ajabu iliyozunguka Kongo. Watu walisema mfalme Léopold II wa Ubelgiji hakufa mwaka wa 1909. Alivuka bahari, akakuja kuishi Kongo, akavaa kanzu ya askofu. Askofu mwenyewe alikuwa Mgr Jean-Félix de Hemptinne, wa Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Ndevu zake ndefu nyeupe zilifanana na za mfalme. Habari haikuwa ya kweli, lakini inaonyesha vile watu walimuona: mtu wa Kanisa mwenye nguvu sawa ya mtawala.

Nguvu hiyo ilionekana sana katika mambo ya masomo. Na mpango wa kulipa walimu uliojengwa wakati wake umeacha alama mpaka leo.

De Hemptinne alizaliwa Gand, Ubelgiji, mwaka wa 1876, katika jamaa kubwa ya kitajiri. Akaingia utawa wa Wabenedikto. Mwaka wa 1910 alitumwa kuongoza misioni ya Katanga, wakati Élisabethville ulikuwa mji wa juzi tu, wenye barabara za vumbi na kazi ya shaba. Mwaka wa 1932 akafanywa askofu. Alibaki hapa mpaka kufa kwake mwaka wa 1958, karibu miaka 48.

Alipofika, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka wa 1906 Léopold II alifanya mapatano na Roma: misioni za Kikatoliki zipewe udongo, hektari 100 mpaka 200 kwa kila misioni, nazo zifungue masomo. Serikali ilikubali kuachia Kanisa watoto wa inchi, kwa sababu ilikuwa bei nafuu kuliko kuleta walimu wake yenyewe.

Kisha ikaja kampuni. Katika miaka ya 1920, Union Minière iliona kwamba ni hasara kubadilisha wafanyakazi kila mara. Ikataka wakae na wake na watoto wao katika makambi. Watoto wakikaa, wanahitaji masomo. Kampuni ikapatana na Wabenedikto wa de Hemptinne: kampuni inatoa nyumba na franga, misioni inatoa walimu na uongozi. Ndiyo maana wazee wengi wa Katanga walikuwa wanataja Leta, kampuni na Kanisa kwa pumzi moja.

Mwaka wa 1925 na 1926 serikali ya koloni iliweka mpango wa msaada kwa masomo ya misioni. Hapo masomo yakagawanyika. Kulikuwa masomo ya Leta yaliyokabidhiwa watawa. Kulikuwa masomo ya misioni yaliyopata msaada, kama yalifuata programu ya serikali na kukubali kaguzi. Kulikuwa masomo ya kampuni. Na mwishoni kulikuwa masomo ambayo hayakupata hata senti moja.

Kundi hilo la mwisho lilikuwa hasa la Waprotestanti. Msaada ulitolewa kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji. Katika Katanga, Wametodisti walikuwa wanategemea Wamarekani, basi mwalimu wao alilipwa kwa sadaka ya waamini wa mbali na kwa kile kijiji kilichoweza kutoa. Watoto ni wa inchi moja, wazazi wanalipa kodi moja, lakini mwalimu mmoja anapata na mwingine hapana. De Hemptinne hakuona ubaya ndani yake. Alikuwa mpinzani mkali wa misioni za Kiprotestanti, na alipigana nazo kwa maneno na kwa maandishi.

Ilichukua miaka 20 kubadilisha jambo hilo. Mwaka wa 1946, nyuma ya vita ya pili ya dunia, waziri Robert Godding alikubali kwamba Waprotestanti nao wapate msaada, na mwaka wa 1948 ukaanza kutumika.

Pigo lingine kwa Kanisa lilikuja mwaka wa 1954. Auguste Buisseret akawa waziri wa koloni, katika serikali ya Ubelgiji isiyokuwa na chama cha Wakatoliki. Alitaka Waafrika wapate masomo ya Leta yasiyoongozwa na watawa, akataka pia kupunguza msaada wa misioni. Maaskofu waligomba sana, mpaka wakatisha kufunga masomo yao. Mwisho pande zote zikapatana. Lakini mwaka wa 1956 mji wa de Hemptinne ukapata chuo kikuu cha serikali, kile kinachoitwa leo UNILU, wakati Wakatoliki walikuwa na Lovanium kule Léopoldville. Mzee askofu alikuwa amefikia karibu miaka 80.

Hesabu ya kazi yake ina pande mbili. Maelfu ya watoto wa Katanga walijifunza kusoma, kuandika na ufundi katika masomo aliyoyasimamia. Lakini mpango wote ulijenga chini kwa upana na kusahau juu: uhuru ulipofika mwaka wa 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30.

Na ule mgawanyo haukuzikwa naye. Mobutu alichukua masomo ya makanisa mwaka wa 1974, akayarudisha kwa mapatano ya mwaka wa 1977 na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Tangu hapo Leta inapaswa kulipa mwalimu, Kanisa linaongoza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara ulipokufa, wazazi ndio waliobeba mwalimu kwa ile prime. Mwaka wa 2019 masomo ya msingi ya umma yakatangazwa bure, madarasa yakajaa.

Sasa mwalimu wa masomo ya Kikatoliki na mwalimu wa masomo ya Kimetodisti wote wana haki moja mbele ya Leta. Mstari umehama: uko kati ya mwalimu aliye kwenye listi ya malipo na yule anayeitwa N.U., anayefundisha darasa lilelile bila mshahara. Wakati wa de Hemptinne mtu aliweza kueleza sababu, hata ikiwa mbaya: huyu ni wa misioni ya Wabelgiji, yule hapana. Leo wote ni walimu wa Leta, na mwalimu wa N.U. anangojea bado aelezwe kwa nini jina lake halimo.