Elspeth Huxley: Mtoto wa walowezi wa Thika aliyeandika pande mbili, runinga ikachukua moja

Kidugala, mkoani Njombe, misheni ya Kilutheri inakumbusha enzi ambazo wamisionari wa Berlin waliingia nchi ya Wabena mwishoni mwa karne ya 19. Walifika na misafara ya wabeba mizigo, wakaanza kujenga kwenye nchi ambayo tayari ilikuwa na mashamba, watemi na watu wake.

Hadithi za namna hii, za familia kufika ugenini na kuanza na sifuri, zina wapenzi wengi duniani. Ila kwa Afrika Mashariki, hadithi iliyofika mpaka runingani haikutoka misheni. Ilitoka kwa binti wa mkulima wa kahawa wa Thika, Kenya, ambaye hakuwahi kutajirika. Binti huyo ni Elspeth Huxley.

Alizaliwa London mwaka 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa mtu wa mipango mingi na pesa chache. Mama yake, Nellie, alikuwa binti wa lodi, lakini ubini wa lodi haulipi madeni. Mwaka 1912 wakaamua kwenda kujaribu bahati Afrika Mashariki ya Waingereza, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa inagawa ardhi kwa Wazungu kwa masharti nafuu.

Wakapata eneo Thika, karibu na mto Chania. Leo ni mwendo mfupi tu kutoka Nairobi kwa barabara kuu, tena panajulikana kwa mashamba ya mananasi. Wakati ule watu walikwenda kwa mkokoteni wa ng'ombe, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Shambani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majani marefu, kupe, funza wa miguuni na chui wa usiku.

Kahawa nayo haina haraka. Mche unachukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na wao pesa ya kusubiri hawakuwa nayo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya nyasi. Kazi ya kufyeka, kuchimba mashimo na kupanda ilifanywa na Wakikuyu, ambao wengi wao walihitaji fedha ya kulipia kodi ya kibanda.

Kahawa ilikuwa haijaleta chochote cha maana, Vita vya Kwanza vikaanza mwaka 1914. Baba akaenda jeshini. Mwaka uliofuata Elspeth na mama yake wakapanda meli kurudi Uingereza. Yaani maisha yote ya Thika yaliyokuja kumpa jina yalikuwa ya muda mfupi sana, tena ya mtoto ambaye hajafika hata miaka tisa!

Baada ya vita familia ilirudi. Shamba la Thika hatimaye likauzwa, wakahamia Njoro, na huko Nellie ndiye aliyekuwa mkulima hasa. Alijaribu zao hili na lile kwa miaka mingi, akianguka anainuka. Elspeth akiwa msichana tu alianza kuandika habari za mchezo wa polo kwenye gazeti la East African Standard. Mwaka 1925 aliondoka kwenda kusomea kilimo Chuo Kikuu cha Reading, kisha akaenda Cornell, Marekani.

Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley. Kazi ya Gervas kwa miaka mingi ilikuwa kuitangaza chai duniani, ili watu wainywe zaidi. Wakulima wa chai wa Njombe huenda wangemshukuru kidogo.

Kitabu kikubwa cha kwanza cha Elspeth kilitoka mwaka 1935, nacho kilikuwa cha kuwasifu walowezi. Kilisimulia maisha ya Lord Delamere, kiongozi wao, na jina lake lenyewe liliiita Kenya nchi ya mzungu. Angeishia hapo, leo angekumbukwa kama msemaji wa upande mmoja tu.

Hakuishia hapo. Alikwenda London kusoma elimu ya mila na jamii kwa profesa Bronislaw Malinowski. Kwenye darasa hilohilo alikuwepo Mkikuyu mmoja aliyekuwa anaandaa kitabu chake, Jomo Kenyatta. Halafu Elspeth akarudi Kenya, akakaa upande wa Nyeri kwa Wakikuyu, akiwauliza wazee maisha yalikuwaje kabla Wazungu hawajafika.

Matokeo yake ni riwaya ya Red Strangers ya mwaka 1939. Ni hadithi ya familia moja ya Kikuyu kwa vizazi vinne. Humo wageni wa ajabu ni Wazungu, watu wekundu wanaotokea ghafla na sheria zisizoeleweka. Mzee anatozwa kodi kwa kuwa na nyumba yake mwenyewe. Ardhi ya ukoo inakuwa ya mtu mwingine, na hakuna aliyeiuza kwa namna ambayo ukoo unaitambua.

Mchapishaji wake, Harold Macmillan, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitaka sehemu ya tohara ya wasichana ipunguzwe. Elspeth akakataa, akapeleka mswada kwa mchapishaji mwingine. Kwa mwandishi wa miaka 30 na kitu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo asigeuzwe mpigania uhuru. Katika miaka ya vita alibishana kwa barua na msomi Margery Perham kuhusu Kenya, yeye akiwatetea walowezi, na mwaka 1944 barua hizo zikatolewa kama kitabu. Alikuwa mtu wa pande mbili zinazogombana ndani yake. Pengine ndiyo maana aliandika vizuri.

Mwaka 1959 ndipo kikaja kitabu ambacho dunia inamjua nacho, The Flame Trees of Thika. Jina linatokana na miti yenye maua mekundu kama moto iliyopandwa kwenye njia ya kuingilia shambani. Wazazi aliwabadilisha majina, wakawa Robin na Tilly, na kumbukumbu akazichanganya na ubunifu. Kuna farasi mdogo aitwaye Moyale. Kuna mapenzi ya siri ya watu wazima, ambayo mtoto anayaona bila kuyaelewa, lakini msomaji anayaelewa.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mtoto hahukumu. Anaona chatu, anaona mvua, anaona mama anayepanga vyombo vya kifahari ndani ya nyumba ya nyasi, na kila kitu ni kipya. Swali la ardhi ni ya nani halimsumbui mtoto wa miaka sita.

Lakini watu wazima lilikuwa linawasumbua sana. Kitabu kilipotoka, hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa haijaondolewa, na ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi. Wasomaji wa Uingereza waliletewa Thika yenye amani wakati Thika yenyewe imepitia moto.

Mwaka 1981 kampuni ya Thames Television ikakifanya tamthilia ya sehemu saba, iliyopigwa picha Kenya. Hayley Mills aliigiza mama, na Holly Aird, akiwa bado mtoto, akawa Elspeth. Ilipendwa Uingereza, kisha ikaonyeshwa Marekani, ambako watu walikuwa wamezoea Little House on the Prairie, tamthilia ya familia ya Laura Ingalls Wilder iliyoanza mwaka 1974. Ladha ni ileile: baba mwenye ndoto, mama asiyekata tamaa, binti anayetazama. Na pengo ni lilelile, kwa sababu Wahindi Wekundu wa kule nao walikuwa na makwao kabla familia hiyo haijafika.

Thames walichagua kitabu cha 1959. Kile cha 1939, chenye familia ya Kikuyu iliyokuwepo hapohapo siku zote, hawakukichukua.

Nellie aliondoka Kenya mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, akaenda kuishi Ureno, na akafia huko mwaka 1977. Barua alizomwandikia binti yake kwa miaka mingi kutoka shambani zilichapishwa mwaka 1980.

Elspeth alifariki Uingereza Januari 1997, akiwa na miaka 89. Miaka miwili baadaye Penguin wakaichapisha upya Red Strangers, ikiwa na dibaji ya mwanasayansi Richard Dawkins, naye mzaliwa wa Nairobi.