Pierre Fauchard: Kutoka Jeshi la Majini hadi Kunyoosha Meno ya Watoto

Leo tumeona vema kuwasimulieni maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kwa heshima na waganga wa meno duniani, ingawa ni wachache wajuao kwamba elimu yake ilianzia jeshini. Mtu huyo ni Pierre Fauchard, Mfaransa aitwaye baba wa utabibu wa meno. Tunamsimulia kwa kuwa ametuachia fundisho lihusulo watoto wetu: jino lililopotoka hunyooka kwa urahisi zaidi wakati mwili ungali ukikua.

Fauchard alizaliwa magharibi mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1670, katika enzi ya Mfalme Louis XIV. Mwaka 1693, akiwa kijana wa miaka 15 hivi, aliingia katika Jeshi la Majini. Huko alijifunza chini ya Alexandre Poteleret, mpasuaji mkuu katika merikebu za mfalme, aliyekuwa amechunguza sana maradhi ya kinywa. Safari za siku zile zilichukua miezi mingi bila matunda wala mboga, na mabaharia wakapatwa na kiseyeye. Fizi zilivimba na kutoka damu, meno yakalegea na kung'oka. Sisi tulio katika utumishi twajua kwamba mtu asiyeweza kutafuna posho yake hana nguvu za kazi. Kijana yule aliyaona hayo kwa macho yake, akayashika.

Alipoacha bahari alifanya kazi katika mji wa Angers, kisha akahamia Paris. Wakati huo meno yaling'olewa sokoni na watu waliopiga kelele kama wachuuzi, na wachache waliokuwa na ujuzi wa kweli waliuficha ili wasinyang'anywe riziki. Watu wengi waliamini kwamba jino huliwa na funza. Fauchard aliwatafuta funza hao asiwaone, akaikataa imani hiyo, akaonya juu ya madhara ya vitu vitamu. Alitaka mgonjwa aketi kitini badala ya kuketishwa chini sakafuni.

Mwaka 1723 alimaliza kuandika kitabu chake juu ya mpasuaji wa meno. Hakukitoa upesi; aliwapa kwanza waganga na wapasuaji mashuhuri wakikague. Kikachapishwa mwaka 1728 katika juzuu mbili, pamoja na michoro ya vyombo vyake. Mambo ambayo wenziwe waliyafunga kama siri ya nyumba, yeye aliyaweka wazi kwa kila mwenye kutaka kujifunza. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyoyatenda.

Ndani ya kitabu hicho alieleza namna ya kunyoosha meno. Alichukua ukanda mwembamba wa dhahabu au wa fedha wenye matundu, akaulaza juu ya meno, kisha akayafunga kwa nyuzi zilizotiwa nta, hata meno yakaufuata ukanda pole pole. Alisimulia habari za wagonjwa aliowatibu hivyo, wengi wao wakiwa vijana, akaeleza kwamba meno ya vijana husogea kwa wepesi kuliko ya watu wazima.

Elimu iliyokuja baadaye imefafanua sababu. Jino likisukumwa kidogo kidogo, mfupa ulio mbele yake huyeyuka, na mfupa mpya hujengeka nyuma yake. Tena kaakaa ya mtoto ina kiungo katikati ambacho hakijafungana sawasawa, hivyo taya la juu lililo jembamba laweza kupanuliwa. Kwa mtu mzima kazi hiyo hiyo huwa nzito, na mara nyingine huhitaji kupasuliwa.

Kwa hiyo waganga wa leo hupenda kumtazama mtoto afikapo miaka 7, wakati meno ya utoto, ambayo jumla yake ni 20, yameanza kuyapisha ya ukubwani. Akihitaji matibabu ya mapema, hatua ya kwanza hufanywa kati ya miaka 7 na 10: kupanua taya, kurekebisha meno yanayoumana kinyume, au kumwachisha kunyonya kidole. Kisha hupumzishwa. Hatua ya pili hufuata meno ya ukubwani yakiisha kuota, yapata miaka 12. Lakini si kila mtoto ahitaji hatua mbili. Kwa wenye meno yaliyochomoza mbele, uchunguzi umeonyesha kwamba kuanza mapema hupunguza hatari ya kuvunjika meno, ila mwishowe meno hayanyooki zaidi ya yale yaliyotibiwa mara moja katika ujana. Kuchunguzwa mapema ni jambo moja, kutibiwa mapema ni jingine. Uamuzi ni wa mganga.

Ndugu askari na polisi wa Bujumbura na wa mikoani, liko jambo lisilohitaji dhahabu wala fedha. Jino la utoto ni mlinzi wa zamu: humwekea nafasi yule atakayempokea. Likioza na kung'olewa kabla ya wakati, majirani zake huegemea pengo, na jino jipya likifika hukuta lindo limetekwa. Ubaya ulio mkubwa zaidi ni desturi ijulikanayo Tanzania kwa jina la meno ya plastiki, na iliyoonekana katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuharisha, fizi yake hupasuliwa na chipukizi la chonge huchokolewa. Ugonjwa hauponi, damu humwagika, viini huingia, na wapo watoto waliokufa. Aliyepona huenda akakosa chonge maisha yake yote. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini.

Tena sisi huhamishwa kambi hadi kambi, na matibabu ya meno huchukua miezi, pengine miaka. Kabla ya kuanza, mzazi amwambie mganga habari za uhamisho, na kadi ya mtoto isafiri pamoja na jamaa.

Fauchard alifariki Paris mwaka 1761. Wazee wetu wa Kiswahili, bila kukisoma kitabu chake, walikwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi.