Louis Pasteur, mtu aliyepambana na kichaa cha mbwa bila kukiona kirusi chake

Mwaka 1831, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwauma watu karibu na mji wa Arbois, mashariki mwa Ufaransa. Vidonda vyao vilichomwa kwa chuma cha moto, lakini wengine walikufa. Mtoto wa fundi wa ngozi, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa akiishi hapo. Jina lake Louis Pasteur.

Alizaliwa Dole tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 1822. Hakuwa daktari, alisomea kemia. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi. Mwaka 1880 alianza kuchunguza kichaa cha mbwa.

Vyombo vya wakati ule havikuweza kuonyesha kirusi hicho. Hata hivyo, Pasteur na wenzake waligundua kwamba kinabadilika. Kilichotoka kwa mbwa, kikipitishwa sungura hadi sungura, kiliwaua sungura haraka zaidi. Kikipitishwa kima hadi kima, kilipungua nguvu kwa mbwa. Kisha walikausha uboho wa mgongo wa sungura waliougua, wakapata chanjo.

Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1885, mama mmoja kutoka Alsace alimleta mwanawe Joseph Meister, miaka 9, aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla. Pasteur aliogopa: chanjo ingeweza kumuua mtoto, na kumwacha bila chanjo kungeweza kumuua pia. Daktari Grancher akamdunga sindano 13. Joseph akapona.

Si wote waliopona. Louise Pelletier, miaka 10, aliletwa siku 37 baada ya kuumwa, akafa. Mwezi wa 3 mwaka 1886 walifika Warusi 19 kutoka Smolensk, walioumwa na mbwa mwitu. Wakapona 16.

Pasteur alifariki tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1895. Leo wataalamu husoma jeni za kirusi hicho na kutambua kama kimetoka kwa mbwa wa nyumbani, mbweha au popo. Tofauti zipo, lakini chanjo inavizuia vyote hivyo, ikiwahi. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.