Ndege Bila Daftari: Leakey na Ufuo wa Homa Bay

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini walikuwa wakimuasa mfanyabiashara mwenye duka na wadeni, wala hawakuwa na haja na ndege. Hata hivyo, kila mwezi wa Januari ninaposimama kando ya ziwa dogo la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, methali hiyo hunirudia akilini. Maji ya Simbi ni ya magadi, na kwa hiyo huwavuta heroe wengi. Mgeni yeyote huwatazama hao wenye rangi ya waridi, hupiga picha, kisha huenda zake. Mimi huwatazama wale wadogo walio ukingoni: vitwitwi wanaokimbia juu ya tope, wakidonoa na kukimbia tena. Mmoja wao, ambaye uzito wake ni kama gramu 25 tu, huzaliwa katika nyika za barafu za kaskazini mwa Siberia, kisha huja kukaa kwetu majira yao ya baridi. Safari yote hiyo huimaliza mbele ya macho yetu, nasi hatumwandiki popote.

Ndiyo sababu leo ningependa kumkumbuka mtu ambaye wengi wetu tunamhusisha na mafuvu na mifupa, ilhali mwanzo wake ulikuwa ndege, na fedheha yake kubwa kabisa ilimpata papa hapa, kwenye ufuo huu wa Homa Bay. Huyo ni Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Alikua miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama wao, na akapitishwa jandoni pamoja na rika lake. Jina alilopewa lilikuwa Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Sijui kama waliompa jina hilo walikuwa wakitabiri jambo, lakini hawakukosea. Katika ujana wake alipenda ndege kuliko kitu kingine chochote, akakusudia kuwa mtaalamu wao. Mzee mmoja, Joshua Muhia, alimfundisha kunyata, kutulia na kumtazama mnyama kwa saa nyingi bila kumshtua. Kisha akampata mwalimu wa pili: Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuwa mhifadhi wa makumbusho. Loveridge alimwonyesha jinsi ya kuhifadhi ngozi za ndege na kuziainisha. Ni Loveridge huyo huyo aliyemthibitishia kwamba vipande vya mawe alivyokuwa akiokota Kabete vilikuwa kweli zana za watu wa kale.

Naomba msomaji aizingatie kazi hiyo ya makumbusho. Ngozi ya ndege huwekwa kwenye droo ikiwa na kibandiko mguuni. Kibandiko hutaja mahali alipopatikana na tarehe. Kikipotea, ndege yule huwa manyoya tu. Hawezi kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Hii ndiyo elimu ya kwanza aliyoipata Leakey, na ndiyo aliyokuja kuisahau.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Sisi wanaisimu tuna sababu yetu ya kumpenda hapo. Alipotakiwa kufanya mtihani wa lugha mbili za kisasa, alichagua Kifaransa na Kikuyu, na hati ya kuthibitisha umahiri wake wa Kikuyu ilitoka kwa Chifu Koinange. Husimuliwa kwamba chuo kilipotafuta mtu wa kumtahini, kilimpata mtu ambaye Leakey mwenyewe alikuwa amemfundisha. Mwaka 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akalazimika kuacha masomo kwa muda, akaenda Tendaguru katika Tanganyika kuchimbua mifupa ya dinosauri. Alirudi Cambridge, akahitimu mwaka 1926 kwa daraja la juu, na tangu hapo mawe na mifupa vikamchukua kutoka kwa ndege.

Mwaka 1932 alifika katika rasi ya Homa. Pale Kanam, mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, aligundua kipande cha taya la binadamu. Na katika Kanjera yalipatikana mabaki ya mafuvu. Leakey alitangaza kwamba hao walikuwa watu wa kale mno, na mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka 1933 ukamkubalia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na dunia ilikuwa mikononi mwake.

Mapema mwaka 1935 alikuja Profesa Boswell, mwanajiolojia kutoka Uingereza, ili ajionee mwenyewe mahali pale. Leakey hakuweza kumwonyesha. Alikuwa ameweka vigingi vya chuma kutia alama, lakini watu wa ufuoni walikuwa wameving'oa, wakavitumia kwa mikuki na ndoana. Kamera yake ilikuwa imeharibika, na picha aliyoazima kwa mwenzake na kuionyesha huko Uingereza ikabainika kuwa ya korongo jingine kabisa. Boswell alirudi akaandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi haukuwepo. Matumaini ya Leakey ya kupata cheo Cambridge yakavunjika. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba taya lile si la kale kama alivyodhani.

Wapo wanaocheka wakisikia habari ya vigingi, na wapo wanaowalaumu wavuvi. Mimi siwalaumu. Chuma kilichosimama bila mwenyewe katika shamba la mtu ni chuma tu, na mvuvi ana njaa. Ninalojiuliza ni jambo jingine. Katika nchi ya Wajaluo kila kijito, kila kilima na kila bonde lina jina, na kila jina lina mzee anayelijua. Mtu aliyeijua lugha ya Kabete kiasi cha kuifanyia mtihani Cambridge alifika Kanam akategemea chuma. Chuma huweza kung'olewa; jina la mahali halifuliwi mkuki.

Ni haki kusema kwamba alijirekebisha. Alirudi tena na tena kwenye ziwa hili, hasa kisiwa cha Rusinga, na tarehe 2 Oktoba 1948 mkewe, Mary, akapata pale fuvu la Proconsul, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Safari hii hakuna aliyeuliza mahali. Mwaka 1959 Mary tena alipata fuvu mashuhuri la Olduvai, na jina la Leakey likaenea duniani. Aliongoza makumbusho ya Nairobi kwa miaka mingi, na akawatia moyo vijana kama Jane Goodall na Dian Fossey wakae msituni na kutazama kwa subira ile ile ya Muhia. Wala hakuwa malaika. Katika kesi ya Kapenguria Kikuyu chake kilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni: aliwekwa kuwa mkalimani, na mawakili wa utetezi wakampinga hadi akaondoka. Na Juma Gitau, ambaye macho yake ndiyo yaliyoona taya lile, hatajwi ila na wachache. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Kwa nini niyarejee haya leo? Kwa sababu kosa la Kanam sasa ni letu, nasi hatuna Boswell wa kutuumbua. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha habari za zana za mawe kutoka Nyayanga, katika rasi ile ile ya Homa, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Na Nyayanga ni jina la wenyeji. Kwa mawe, basi, somo limeeleweka. Kwa ndege bado. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango chochote kilichowahi kupimwa, yakameza fuo nyingi za Homa Bay na Migori. Vitwitwi waliokuwa wakila katika tope lile walikwenda wapi? Katika mdomo wa mto Kuja, kule Nyatike, walikuwa wangapi kabla ya hapo? Katika mbuga ya Ruma hufika mbayuwayu wa buluu kutoka nyanda za juu za kusini mwa Afrika, ndege ambaye idadi yake duniani imepungua mno. Mjaluo humwita mbayuwayu opija, lakini ni shule ngapi jirani na Ruma zinazoandika siku opija huyu anapowasili na siku anapoondoka?

Sisemi haya kama mtu asiye na lawama. Ami yangu, mvuvi wa Karungu, alikuwa na jina kwa kila ndege wa ufuoni. Si okok pekee, yangeyange ambaye kila mtoto anamjua, bali na wale wadogo ambao kwa wengine wote huitwa winyo tu, yaani ndege, na yakaishia hapo. Alijua ni yupi hutangulia mvua, na ni yupi akionekana samaki huwa karibu. Nilipokuwa kijana nilimsikiliza, nikacheka, nikasahau. Nilikwenda kusomea lugha. Nilikuwa nikikamilisha tasnifu yangu ya uzamifu, yenye kurasa nyingi juu ya muundo wa nomino, alipofariki. Kurasa zote hizo hazina hata jina moja la ndege wake. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari katika ukoo ule, na mimi ndiye niliyeacha mali ipotee.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na halihitaji fedha za wafadhili. Kila shule ya ufuoni, kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru, iwe na daftari moja lenye safu tano: jina la ndege katika lugha ya nyumbani, jina la ufuo kama wenyeji wanavyoliita, tarehe, idadi, na jina la mtoto aliyemwona, ili tusiwe na Juma Gitau mwingine. Walimu wasingoje vitabu vyenye picha vifike. Wazee wapo, ingawa hawatakuwapo daima.

Nami nimeanza. Mwezi wa Januari nilikwenda Karungu na daftari langu, nikamwona yule mdogo wa kahawia anayetikisa mkia bila kupumzika akitembea juu ya mawe. Nikaandika ufuo, tarehe, idadi: mmoja. Ami yangu alimwita kwa jina fupi, naamini lilikuwa la silabi mbili. Safu ya jina ingali tupu. Ikiwa yupo msomaji wa Sori, wa Karungu au wa Muhuru ambaye bibi yake anamjua ndege huyo, tafadhali asisubiri kunitafuta mimi. Achukue kalamu amwandike leo, bibi angali anaweza kulitamka.