Kambarage na Bao la Nyumbani

Kambarage, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la Julius Nyerere, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, mwenye wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Katika ukoo mkubwa namna hiyo mtoto mmoja huweza kupotea machoni pa watu. Kambarage alichunga mbuzi kama wenzake, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpeleka shule.

Yasimuliwa kwamba aliyemwona alikuwa mtemi wa jirani, wa Ikizu, rafiki wa baba yake. Mzee huyo alipenda bao, na alipofika kwa mwenzake alicheza na kijana yule. Akamkuta anahesabu upesi na kuona mbali, hata wakubwa walitaabika kumshinda. Ndipo akamshauri baba mtu ampeleke mtoto huyo shuleni. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwahimiza watemi wasomeshe wana wao, na labda Kambarage angekwenda hata hivyo. Lakini mtemi yule hakuwa na cheti cha ualimu, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Mwezi Februari 1934 Kambarage, mwenye umri wa karibu miaka 12, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akamaliza masomo ya miaka minne kwa mitatu.

Tulitazame bao kwa macho ya mwalimu. Katika bao la Kiswahili mna mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili, na 22 mkononi. Hapo tayari pana kujumlisha, kutoa na kugawanya. Wanaoanza hucheza bao la kujifunza, ambalo kila shimo hupewa kete mbili, nao watoto huweza kuchimba mashimo ardhini na kutumia mbegu. Mtoto atakayechukua kete tano lazima ajue, kabla hajazigusa, kwamba ya mwisho itaangukia shimo la tano mbele. Na ikiangukia penye kete, safari haijakwisha. Hesabu hiyo hufanywa kichwani. Mwalimu anayekaa kimya kando ya mchezo ataona mengi ambayo daftari humficha: nani anakadiria, nani anabahatisha, nani amekariri tu.

Masomo ya Kambarage yaliyofuata yanajulikana, nasi hatuna haja ya kuyarefusha: Tabora, Makerere, kisha ualimu katika shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na mwisho Pugu, alikoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alilalamika kwamba shule zilimtenga mtoto na kwao, zikamfanya adhani maarifa yote yamo vitabuni na kwamba wazee wasiosoma hawana la kumfundisha. Nani angeyajua hayo kuliko yeye? Hata hivyo, kwa maoni yangu, sisi walimu tuliisoma hati ile nusu tu. Tulichukua jembe, tukaliacha bao. Shule zilipata mashamba; michezo ya nyumbani ikabaki kuwa jambo la kufukuziwa uani.

Siku hizi mchezo umerudi kwa mlango mwingine. Kati ya 2017 na 2019, watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga walipewa kompyuta za mkononi zenye michezo ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, wajifunze bila mwalimu. Wengi hawakuwa wamepata kuingia darasani, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Ni kazi ya kusifiwa. Nami najiuliza juu ya ile nusu iliyobaki: ni nani aliyekaa kando yao na kutazama?

Hapa Msalato chombo hakina gharama. Mbegu za ubuyu zatosha kuwa kete. Waweke watoto wawili upande mmoja wa bao, mkubwa na mdogo, na kanuni iwe moja: kete isiguswe mpaka wawili wamekubaliana, na mdogo ndiye aseme itaangukia wapi. Hivyo mkubwa hawezi kushinda pasipo kumfundisha mwenzake. Wape kazi hiyo waifanye nyumbani jioni, pamoja na bibi au babu akiwapo, na kesho yake waulize walikosea wapi.

Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, Mwalimu alirudi Butiama, akalima, na wageni waliomtembelea waliweza kumkuta ameinama juu ya bao. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake.